Kochi la Bisi

Vijana wa siku hizi wakiona simu nzuri isiyokaa na chaji, wanasema ni bisi. Mchumba akiahidi nyumba na gari, halafu harusi ikipita akamhamishia mke kwa mama yake, huyo naye ni bisi. Nimemsikia hata mheshimiwa mmoja akisimama jukwaani na kusema mipango ya wenzake yote ni bisi, na watu wakampigia makofi kana kwamba neno amelitunga yeye. Maana yake kila mtu anaijua: kitu kinachopendeza nje, ndani hamna kitu. Lakini ukiwauliza limetoka wapi, hapo ndipo utasikia vioja. Mtaalamu mmoja wa lugha, mwenye tai na miwani, alieleza gazetini kwamba lilianzia kwenye majumba ya sinema, mahali ambapo watu hula bisi huku wakitazama mambo ya uongo. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Sinema gani? Neno hilo lilianzia kwenye kochi, na kochi lenyewe lilifungwa na mume wangu.

Nasema lilifungwa. Aliyelijaza ni mwingine, na huyo nitamfikia, maana nimemsubiri kwa muda mrefu.

Mume wangu na kaka yake walizaliwa kwenye karakana ya makochi. Baba yao alikuwa fundi, na mtaa mzima ulikuwa wa mafundi wa makochi. Fremu za mbao zimepangwa nje hadi barabarani, ndani mavumbi ya sponji, na gundi inayokukata pumzi ukiingia asubuhi. Baba alipofariki, karakana ikawa ya kaka mtu. Alirithi pia kiti cha baba pale mlangoni, na kazi aliyoifanya kwa bidii kuliko zote ilikuwa kukikalia. Huyo ndiye shemeji yangu. Mdomo wake ulikuwa mtamu, mteja akiingia anaitwa mama mzazi hata kama ni msichana, na kila kitambaa kwake kilikuwa kimeingia jana tu. Nyuma ya pazia mdogo wake anapiga misumari, anavuta mikanda, anakata, anashona. Mkono wa baba ulikuwa umeenda kwa mdogo. Mafundi wote waliliona hilo, na shemeji aliliona kabla yao.

Mafundi wa mtaa ule walikuwa na sheria yao, haikuandikwa popote. Aliyefunga mshono wa mwisho ndiye anayejibu. Kochi likizama, likipinda, likinuka, hawamtafuti aliyepiga mbao wala aliyekata kitambaa. Wanatazama mshono wa mwisho ni wa nani. Ndiyo maana fundi mwenye akili, kabla hajafunga mto, huingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko, akapapasa kona zote, ndipo akashika sindano. Mshono wa mume wangu ulijulikana mtaa mzima kwa sababu ulikuwa hauonekani. Alitumia sindano iliyopinda, na akimaliza huwezi kujua uzi umeingilia wapi na kutokea wapi.

Sasa, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mama mmoja mkali aliyeogopwa hata na wazazi, aliagiza kochi kubwa la sebuleni. Wazazi wa mchumba wa binti yake walikuwa wanakuja kujitambulisha Jumapili jioni. Sponji alinunua mwenyewe, nzuri, nene, akaileta mkononi kwa kuwa aliwajua mafundi. Hakumjua shemeji yangu. Yule bwana aliichukua ile sponji akaitia kwenye viti vya ofisa mmoja ambaye yeye shemeji alikuwa anajipendekeza kwake, akijipa moyo kwamba nyingine itapatikana. Jumapili ikafika, maduka yamefungwa, na kochi la mwalimu mkuu limesimama pale na mito mitupu.

Jirani wa karakana alikuwa mama mwenye mashine ya bisi, anayeuza kwenye mechi na sherehe za shule. Mvua ilikuwa imeharibu michezo siku iliyotangulia, akabaki na mifuko mikubwa kwa mikubwa ya bisi zilizolegea ambazo hata ng'ombe wasingezitaka. Shemeji akamwambia, "Usisumbuke kuzitupa, jirani, nitakusaidia." Akazibeba zote. Akazishindilia kwenye mito ya kochi, juu akatandaza pamba kidogo ili mtu akibonyeza kwa kidole asishtuke.

Mume wangu alikuwa uani akikata kitambaa cha kazi nyingine. Akaitwa kwa haraka. "Njoo ufunge, gari linasubiri!" Akaushika mto wa kwanza, akaona hauna uzito.

"Kaka, mbona mwepesi hivi?"

"Sponji ya kisasa hiyo. Funga bwana, mteja atatuua."

Akafunga. Hakuingiza mkono. Nimemwuliza mara nyingi sana kwa nini, yeye aliyekuwa akipapasa hata mto wa kiti cha mtoto, na jibu lake halibadiliki: "Alikuwa kaka yangu." Mimi huwa nasonya na kuendelea na shughuli zangu.

Wageni walifika wamependeza. Baba wa mchumba alikuwa mtu wa mwili, mwili kwelikweli, na kwa heshima akapewa kochi. Akakaa. Likatoa sauti, krrrch, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Akainuka kidogo, akaomba radhi, akidhani amekalia miwani ya mtu. Akakaa tena taratibu, likalia tena. Kila alipocheka, kochi nalo linaitikia. Binti wa watu akaanza kuuma midomo, mama mtu akaongeza sauti ya redio. Mwisho mzee akajisogeza ili apokee soda, na kitambaa kikapasuka ubavuni. Mshono haukuachia, niwaambie hilo. Mshono ulikuwa imara, ni kitambaa ndicho kilichoshindwa. Bisi zikamwagika hadi kwenye viatu vya mgeni, na mjukuu wake wa kike, mtoto mdogo asiye na habari, akachuchumaa akaanza kula.

Ndoa ilifungwa baadaye, lakini aibu ya siku ile mwalimu mkuu hakuimeza. Kesho yake asubuhi alishuka kwenye teksi katikati ya mtaa wa makochi, mto kwapani, akaita mafundi wote watoke. Akaumwaga wote barabarani. "Nani amefunga huu?" Mafundi wakainama, wakatazama. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Na shemeji yangu, aliyekuwa amesimama na mikono mfukoni, alitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyefiwa.

Shemeji alisubiri wabaki wawili ndani, ndipo akamshika mdogo wake mabega na kuanza kulia. Machozi alikuwa nayo karibu siku zote. "Mdogo wangu, hili lichukue wewe. Wewe huna mke wala mtoto. Nikichafuka mimi, karakana imekufa, na mama atakula wapi? Ni kwa muda tu. Upepo ukipita nitawaambia mwenyewe." Mume wangu akakubali. Jioni mama yao akaja, mwanamke mfupi aliyefunga khanga yake kwa nguvu kiunoni kama anayekwenda vitani. Akamsimamisha mwanawe mdogo mbele ya majirani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi umemzika baba yako mara ya pili."

Akageuka akaondoka. Kuanzia siku hiyo alimsalimia kwa kupitia watu. Kama wamekaa chumba kimoja, atamwambia mjukuu, "Mwulize huyo kama anakunywa chai."

Upepo ulipita, na shemeji hakusema. Mafundi walikutana wakamwondoa mume wangu mtaani, na hakuna karakana iliyomtaka, hata zile zilizokuwa zikimrubuni ahame miaka yote. Watoto wa mtaa wakaanza kumwita Bisi. Kisha kila kazi mbovu ikaitwa bisi, kisha kila mtu mwongo, na kutoka hapo neno likapanda magari na kwenda zake mjini. Yeye akaishia kwenye yadi ya malori, kushona maturubai. Aliichagua kazi ile kwa sababu turubai ni kitambaa kitupu, hakuna mahali pa kujaza kitu, kwa hiyo hakuna wa kumshuku. Mimi nilikuwa nikishona magunia upande wa pili wa ile yadi. Nilimwona mwanamume anayeshona turubai la lori kwa mshono ambao hauonekani, kazi ya kufunikia mkaa na simenti, nikajiuliza huyu ana wazimu gani. Ndivyo nilivyompenda.

Aliniambia ukweli tulipokuwa tumeshaoana, akaniapisha nisiutoe. "Nilimpa kaka neno langu." Nilikaa na neno hilo kooni wakati watoto wangu wakiitwa watoto wa Bisi shuleni, na wakati nikimwandalia shemeji chai yake akija kwetu na kukaa kwenye kiti cha plastiki huku akituuliza kwa nini hatununui kochi. Mume wangu hakutaka kurudishiwa karakana. Hakutaka hata kuombwa radhi. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake ajue kabla hajafa. Kila mwezi alikwenda nyumbani kwa kaka yake, alikokuwa akiishi mama, na mfuko wa matunda. Mama aliuacha pale mezani hadi aondoke, ndipo wajukuu wakala.

Mara ngapi nimemwambia, "Nenda kamwambie mama yako!" Naye ananijibu, "Kaka atasema mwenyewe." Atasema! Yule? Nilimwambia mwanamume wangu ni mjinga, nikamwambia na kwa sauti. Alikuwa ananitazama tu na kuchukua sindano yake.

Miaka ikaenda. Shemeji akaiuza karakana, akajenga vyumba vya kupangisha, tumbo likatangulia. Zamani ukilitaja neno bisi mbele yake alikuwa anabadilisha mazungumzo. Lakini neno lilipoingia kwenye nyimbo, likachapwa kwenye fulana, likatajwa na waheshimiwa, nikaanza kuona mabadiliko. Kwanza akawa anatabasamu. Halafu kwenye msiba mmoja nikamsikia akiwanong'oneza watu, "Hilo neno lina mwenyewe, na mwenyewe hayuko mbali." Nikajisemea, huyu mtu hana haya hata chembe. Aibu ilipokuwa aibu, alimvalisha mdogo wake. Sasa imekuwa suti, anaitaka arudishiwe.

Redio moja ilikuwa na kipindi cha maneno ya mitaani, na mtangazaji wake, kijana mwenye sauti ya asali, alitangaza kwamba anatafuta asili ya bisi. Watu wakapiga simu, kila mmoja na uongo wake. Shemeji akapiga pia, akaalikwa studio. Alitujulisha ukoo mzima tusikilize. Alinunua shati jipya, la kuvaa redioni.

Mchana ule tulikuwa yadini. Simu iliwekwa juu ya tairi, wapakiaji na madereva wakakusanyika, nami nikaja na gunia langu mkononi. Mume wangu hakuacha kazi. Alikuwa amekaa katikati ya turubai, anashona pindo.

Shemeji alianza mbali. Akajisifu, akamsifu baba yake, kisha akajisifu tena. Akalileta kochi, akamleta mwalimu mkuu, ambaye kwenye hadithi yake alikuwa mke wa balozi. Akapiga chuku, wageni wakawa umati. Mtangazaji anacheka, na kadiri anavyocheka ndivyo shemeji anavyovimba.

"Maduka yamefungwa," akasema, "sponji hakuna. Fundi wa kawaida angelia. Mimi nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaziona bisi. Nikasema, hii hapa sponji ya Mungu!"

"Subiri, mzee wangu," mtangazaji akamkatiza. "Mtaani kwenu nimeambiwa kuna mtu anaitwa Bisi. Wanasema ndiye aliyejaza lile kochi."

Nilimtazama mume wangu. Sindano ilikuwa imesimama. Nikaomba Mungu, nakiri, nikaomba kwa hasira: mwache aseme kweli, hata kwa bahati mbaya.

"Huyo ni mdogo wangu," shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa imechukia, kama mtu aliyenyang'anywa zawadi. "Yule? Yule alifunga tu! Hata hakujua ndani kuna nini, nilimwambia ni sponji ya kisasa akaamini. Bisi nilijaza mimi, kwa mikono yangu hii miwili. Mdogo wangu hana akili ya kubuni kitu kama kile!"

Mtangazaji akacheka, studio nzima ikacheka, ukapigwa wimbo.

Yadini hakuna aliyecheka. Madereva walikuwa wanamtazama mume wangu. Yeye aliinama akamaliza pindo, akafunga uzi, akaukata kwa meno. Ningependa kusema nilifurahi, lakini nilikuwa na hasira mbichi. Mtu amebeba mzigo maisha yake yote, na anatuliwa na nani? Na dhamiri ya mtu? Na toba? Ametuliwa na majivuno ya mpumbavu ambaye hata hajui alichokisema.

Kabla jua halijaanza kushuka, mafundi wawili wazee wa mtaa wa makochi wakafika nyumbani kwetu, kofia mkononi. "Sisi tulijua siku zote," mmoja akasema. Mlijua! Mlijua mkamfukuza? Nikawauliza hivyo hivyo, mlangoni, sikuwakaribisha. Wakatazamana, wakasema watarudi siku nyingine. Nikawaambia wasijisumbue.

Hawajafika mbali, teksi ikasimama. Akashuka mama mkwe wangu, na begi, na fimbo yake. Hakuwa ameingia nyumba yetu tangu tuijenge. Nikampokea begi kwa sababu nimelelewa, nikamwonyesha kiti cha plastiki. Akakaa. Khanga bado ilikuwa imekazwa kiunoni. Mume wangu akatoka chumbani, akasimama mbele yake kama alivyosimama siku ile, mikono imening'inia, na mvi kichwani.

Kabla yeyote hajasema, simu ikaita. Ni shemeji, sauti ya furaha, kelele za watu nyuma yake. "Mdogo wangu! Mmenisikia? Mji mzima unanipigia! Hivi mama yuko huko? Huku hatumwoni."

Mama akanyoosha mkono, akapewa simu. "Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Kila neno." Kisha tukamsikia akianza, "Mama, yale yalikuwa mambo ya redio tu, mama, unajua tena..." Mama akairudisha simu kwa mume wangu, naye akaizima.

Mimi nilibaki nimesimama mlangoni mwa jikoni. Nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia mwanamke yule, niliyakusanya miaka na miaka, mengine niliyapanga nikiwa na uchungu wa kuzaa. Nikayashika tayari.

"Kwa nini hukuniambia?" akamwuliza mwanawe. Alimwuliza yeye, ana kwa ana.

"Ungeniamini, mama?"

Mama mkwe akafikiri. Nilidhani atalia, nilidhani atasema maneno ambayo kina mama husema, ya kwamba moyo wa mama unajua. Akamtazama mwanawe usoni.

"Nisingekuamini," akasema. "Nilitaka iwe wewe. Yeye asingeweza kubeba, ningempoteza. Wewe nilijua utabeba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu wa nyumba ile akisema kweli bila kuwepo wa kumpigia makofi, na ilinichoma kuliko uongo wao wote. Maneno yangu yote niliyaona madogo. Mume wangu alisimama pale, machozi yanamshuka na yeye hayafuti. Halafu akajifuta kwa mkono wa shati, akamwuliza mama yake kama amekula.

Mimi ningemwuliza jambo jingine.